Siku Zilpah Alipowaambia Kina Mama Anaumwa na Tumbo

Kosa la Zilpah halikuwa la vidonge. Vidonge alivimeza vile alivyoambiwa, bila kuruka hata kimoja. Kosa lake ni kwamba Jumamosi asubuhi alishika simu akaandika kwenye grupu la kina mama wa kanisa: "Dada zangu, kesho jikoni sitaweza, naumwa na tumbo."

Mtu aliyeishi Birmingham miaka mingi kama yeye alipaswa kujua. Kwa Wakenya wa mji huu kuna udhuru mmoja tu usioulizwa swali, nao ni shifti. Sema uko shifti, umeachwa. Hata mchungaji atakuombea safari njema na kuendelea na mambo yake. Lakini sema unaumwa, basi wewe umejiitia wageni. Hawatapiga simu kwanza. Watakuja na flaski ya uji na chapati zilizofungwa kwa foili, watavua viatu mlangoni, na hawatatoka mpaka wakuone kwa macho ukiwa umelala, ndipo waombe.

Zilpah aliyajua hayo. Yeye mwenyewe amepanda ngazi za watu na flaski mkononi mara nyingi tu. Ila wiki hiyo alikuwa amechoka kudanganya. Alikuwa amemdanganya bosi, amewadanganya watoto, na asubuhi ile akaona angalau kwa kina mama aseme nusu ya ukweli. Tumbo lingeuma kweli siku hiyo. Basi akaandika tumbo.

Huyu Zilpah ni mama wa watoto wawili, Fiona na Ronny, na anakaa Kingstanding kwenye zile nyumba za kaunsili zilizobanana kama meno. Kazi yake ni kuzunguka Hodge Hill na gari dogo, akiingia nyumba za wazee kuwaosha, kuwavalisha, kuwapa dawa zao na mkate uliobanikwa. Mumewe, Arnold, ni dereva wa basi, mtu mpole, mrefu, ambaye hajui kudanganya na hajui kupika chai. Chai ya Arnold ni kifuko kimoja kwenye kikombe, maji, na maziwa baridi juu yake. Wazungu wanaipenda. Zilpah huimwaga.

Alipokuwa na mimba ya Ronny, presha ilipanda mpaka akapatwa na degedege. Mtoto akatolewa kwa kisu kabla ya wakati, mama akapelekwa chumba cha mahututi, na Arnold akaachwa kwenye kiti cha plastiki kwenye korido, hajui kama atarudi nyumbani na wawili, mmoja, au peke yake. Wote walipona. Daktari aliwaambia wazi kwamba mimba nyingine inaweza kurudisha yale yale. Tangu hapo Zilpah alikuwa mtu wa sindano ya kupanga uzazi. Halafu miadi moja ikamkuta ameombwa kumshikia mwenzake zamu, akasema ataenda wiki ijayo, na wiki ijayo ikawa na zamu zake. Wanawake wengi wanaijua hiyo wiki ijayo.

Alipopima na kuona mistari miwili, alimwambia Arnold jikoni. Arnold alienda kukaa kwenye ngazi. Alikaa sana. Kisha akasema, "Mimi kile kiti nilishakikalia mara moja. Mama Fiona, sitaki kukikalia tena. Lakini mwili ni wako, sema wewe."

"Nimeshasema," Zilpah akajibu. "Nilikuwa nakungoja wewe umalize kukaa."

Alichoogopa hakikuwa vidonge, wala Mungu, maana na Mungu walikuwa wameshazungumza kwenye gari kila asubuhi wiki nzima. Aliogopa manesi. Katika kanisa lao ukirusha andazi juu litamwangukia nesi. Hakuna hospitali Birmingham ambayo haina dada wa kwaya ndani yake. Na mkubwa wao ni Jepchirchir, kiongozi wa kina mama, nesi wa miaka mingi, mwanamke wa sauti kavu ambaye akikuangalia unahisi anakupima presha. Zilpah alijiambia kwamba habari hii ikimfikia Jepchirchir, amekwisha. Hatashika tena sufuria ya kanisa, na Fiona atayasikia mambo ya mama yake kwa watoto wa Sunday school. Alikuwa ameona mwingine akitengwa kwa jambo dogo kuliko hilo.

Kwa hiyo alipoitwa kliniki, upande wa Edgbaston kwenye miti mingi na nyumba za kifahari, alienda amevaa kofia ya Arnold imemfunika mpaka nyusi. Hakukutana na mtu. Walimpima presha, wakamfanyia skani, wakamwambia mimba bado changa, chini ya wiki kumi, anaweza kumalizia nyumbani. Waliuliza kama kuna mtu anamlazimisha. Zilpah alitaka kucheka. Arnold hawezi kumlazimisha mtu hata kubadilisha chaneli. Lakini alipoulizwa mara ya pili, polepole, akiwa peke yake chumbani, aliona kwamba swali lile ni la heshima, akalijibu kwa heshima. Hapana. Ni mimi.

Kidonge cha kwanza alikimeza palepale Ijumaa asubuhi. Hicho, walimwambia, kinasimamisha mimba isiendelee kukua. Akitapika ndani ya saa ile awapigie simu. Hakutapika. Alirudi kazini kama kawaida, kichefuchefu kidogo tu, akamvalisha mzee soksi akijiuliza kama ni hilo tu ndilo alilokuwa akiliogopa. Silo. Kazi yenyewe inafanywa na vile vinne vya kesho yake, ambavyo ndivyo vinavyolikaza tumbo la uzazi litoe kilichomo.

Jumamosi watoto walipelekwa kwa Walter, kaka yake Arnold. Mchana Zilpah alikula kidogo, akameza dawa ya maumivu kabla maumivu hayajaja, kama alivyoelekezwa, kisha akaweka vile vinne ndani ya mashavu, viwili huku na viwili kule, na kukaa navyo nusu saa bila kusema. Vilikuwa na ladha ya chaki. Arnold alikaa kando yake akimtazama, kisha akasema kimya kama hicho hajakisikia tangu wafunge ndoa. Zilpah akamrushia mto. Nusu saa ilipokwisha akateremsha mabaki kwa maji.

Kilichotangulia kilikuwa baridi. Alitetemeka meno yakagongana, na blanketi mbili juu yake. Kisha akaharisha. Haya yote alikuwa ameambiwa yanaweza kuja na kupita baada ya saa chache, na kuambiwa mapema ni nusu ya dawa. Asingeambiwa angedhani anakufa. Halafu yakaja maumivu yenyewe. Kuna watu hukuambia ni kama hedhi. Labda hedhi yao. Ya Zilpah yalikuja kwa mawimbi, yakikaza na kuachia, karibu na uchungu wa kuzaa ule wa mwanzo mwanzo. Arnold alimjazia chupa ya mpira maji moto, akaiweka tumboni, akaitoa, akaigeuza, akaiweka tena, mpaka Zilpah akamwambia, "Baba Fiona, iache hiyo kitu, si mtoto wa kubembelezwa." Walitazamana. Neno lilikuwa limetoka vibaya. Arnold akamshika mguu juu ya blanketi, wakakaa hivyo.

Damu ilianza. Na kengele ya mlango ikalia.

Arnold alidhani ni kifurushi. Alipofungua mlango, wimbo ulikuwa umeshaanza. Jepchirchir alikuwa mbele na Biblia kwapani, nyuma yake Mama Néhémie na flaski mbili, na kina mama wengine wawili wamebeba sufuria iliyofungwa kwa kitambaa.

"Karibuni," alisema Arnold, kwa sababu hajui neno lingine mlangoni. "Ila… amelala."

"Mgonjwa halali, anajilaza," alisema Jepchirchir akivua viatu. "Anatapika? Anaharisha? Ana homa?"

"Anaharisha," alisema Arnold. Alikuwa ameshukuru kupata swali ambalo jibu lake ni la kweli.

Juu, Zilpah alikuwa bafuni amejifungia. Nyumba hizi ni za karatasi. Ukikohoa bafuni, wa sebuleni wanakuambia pole. Alisikia kila kiti kikivutwa. Alisikia Jepchirchir akiuliza sukari iko wapi. Katikati ya yote hayo wimbi kubwa likaja, likamkunja, na bonge la damu likatoka, kubwa kama limau. Alitazama. Walikuwa wamemwambia huenda asione kitu cha kutambulika, ni damu na mabonge tu, na ndivyo ilivyokuwa. Alisema maneno machache ambayo hakuyapanga, ya lugha ya mama yake, kisha akavuta maji. Chini walikuwa wanaimba pambio.

Alitegemea kwamba sasa itapungua. Kwa wanawake wengi, likishatoka lile kubwa, maumivu hulegea na damu hupungua. Maumivu yalilegea. Damu haikupungua. Pedi kubwa ikajaa, akabadilisha, na kabla saa haijaisha ya pili ikawa nzito. Alijua sheria yake, aliikariri kama Baba Yetu: ukijaza pedi kubwa mbili au zaidi kwa saa, na saa inayofuata vilevile, piga simu. Ukiona kizunguzungu kama unazimia, usingoje hiyo saa ya pili, piga. Alipojaribu kusimama, ukuta ulisogea. Akaketi tena.

Simu ilikuwa mfukoni mwa gauni lake la kulalia. Namba ilikuwa pale, ya manesi wa kliniki, mchana na usiku. Aliishika mkononi. Angepiga, angelazimika kusema kwa Kiingereza, wazi, amemeza nini na damu ni kiasi gani, na masikio ya Jepchirchir yako chini ya sakafu ile ile. Alifikiria kungoja waondoke. Walikuwa wamekuja na sufuria. Watu wenye sufuria hawaondoki upesi.

Hapo mlango ukasukumwa. Kitasa kile hakijawahi kushika vizuri, na Arnold amekuwa akiahidi kukitengeneza tangu Ronny aanze kutembea. Aliyeingia ni Mama Néhémie, kikombe cha uji mkononi.

Jina lake ni Sabine, mtu wa Bukavu, Kongo, na wote wanajua kwamba jambo ukitaka lifike Walsall, mji wa jirani, kabla ya jioni mwambie Sabine. Zilpah alitamani sakafu ifunguke, kisha akakumbuka aliye chini yake.

"Mama Néhémie, tafadhali. Toka."

Sabine hakutoka. Aliangalia uso wa Zilpah uliokuwa umepauka, akaangalia pedi zilizofungwa kwenye mfuko, akaangalia simu. Akafunga mlango kwa kisigino.

"Hii haiko tumbo ya kula," alisema polepole.

Zilpah akausukuma mfuko wa pedi nyuma ya choo.

"Ilitoka yenyewe, ao uliitosha?"

Angeweza kudanganya. Mlango wa kudanganya ulikuwa umefunguliwa na mgeni mwenyewe. Lakini kichwa kilikuwa kinazunguka, na wiki nzima alikuwa amedanganya. "Niliitoa. Nilimeza dawa. Na damu inatoka sana."

Sabine alivuta pumzi kwa meno. "Ulipigia banganga simu, ba docteur?"

"Watasikia."

"Nani?"

Zilpah akaelekeza kidole chini.

"Ah, non! Weye unataka kufa juu ya kuogopa Mama Jepchirchir? Ule si hata mukubwa." Sabine aliweka uji juu ya tangi la choo, akatoka mpaka kwenye ngazi, na sauti yake, ambayo haikuwahi kuhitaji kipaza sauti, ikateremka: "Ba mama! Mugonjwa anaomba wimbo!"

"Wimbo gani?" Jepchirchir akauliza kutoka chini.

"Ule murefu! Na mupige mikono, anapenda mikono!"

Akaanzisha yeye mwenyewe. Chini wakadaka, makofi yakaanza, na sufuria moja ikageuzwa ngoma. Sabine alirudi bafuni bado anaimba, akamtolea Zilpah macho: piga.

Aliyepokea alikuwa nesi mwenye sauti ya Birmingham halisi, ile inayoburuta maneno kama viatu vikubwa. "Alright, bab," alisema, kama wanavyomwita kila mtu huku, mzee kwa mtoto, "take your time." Aliuliza pedi ngapi na za ukubwa gani. Aliuliza kuhusu homa, na kama kuna maumivu ya upande mmoja tu au ya ncha ya bega. Aliuliza amekula nini. Aliuliza, kwa wasiwasi kidogo, ile kelele ni ya nini.

"Ni kanisa," Zilpah alisema.

Akaambiwa alale chini, miguu juu ya mito, anywe, ale kitu chenye sukari, na asiachwe peke yake hata dakika. Waitazame hii saa inayoanza. Pedi zikijaa kama saa iliyopita, au akizimia, wapige 999, si kutafuta teksi wala kungoja mtu wa kumpeleka. Nesi naye angempigia tena kabla saa haijaisha.

"Na nikimkuta ninayemjua huko hospitali?" Zilpah aliuliza. Swali lilimtoka dogo, kama la mtoto.

"Akitoa neno lako nje, kazi yake imekwisha," nesi alimjibu kwa Kiingereza chake cha kuburuta. "Wewe usife kwa ajili ya majirani, bab."

Sabine alimlaza kitandani akamnywesha uji wa wimbi kwa kijiko. Ulikuwa mtamu mno, Sabine anatia sukari kama anamwaga kokoto, na siku ile ndivyo ulivyotakiwa kuwa. Arnold alipanda, akachungulia, akaelewa yote kwa kumwona Sabine ameshika kijiko. Sabine akamwambia, "Baba Fiona, shuka uimbe. Sauti ya mwanaume inakosa." Akashuka akaimba, yeye ambaye kanisani hufungua mdomo tu.

Wimbo mrefu ukaisha. Viatu havikuvaliwa. Badala yake ngazi zikalia, na sauti kavu ikasema, "Sasa nataka kumwona mgonjwa."

Zilpah aliushika mkono wa Sabine kwa kucha. Sabine akaruka mlangoni, akasimama katikati na mikono imetandazwa.

"Usiingie! Anaharisha maji tu! Na mimi imeshanianza!"

Nyayo zikasimama. Kisha Jepchirchir akasema, kwa sauti ya kazini kabisa, "Nilijua. Ni ile gastro inayozunguka. Wodini kwetu imelaza watu. Asikaribie jikoni mpaka masaa arobaini na nane yapite tangu kuharisha kwa mwisho, nitaandika kwenye grupu sasa hivi. Na wewe Sabine vilevile." Akarudi nyuma ngazi mbili, akanyoosha mkono kuelekea mlango, akaomba kutoka pale alipo, maombi mafupi kuliko yote aliyowahi kuomba. Dakika chache baadaye flaski zilikuwa zimeachwa, sufuria imeachwa, na nyumba imebaki na watu watatu.

Waliingoja ile saa. Ilipokaribia kwisha Zilpah alienda bafuni ameshikwa huku na huku, na kutoka ndani akasema, "Nusu. Hata nusu haijafika." Arnold aliketi kwenye ngazi zake zile zile akafunika uso. Nesi alipopiga, alisema hiyo ndiyo anayotaka kusikia, waendelee kuangalia, na wasione haya kupiga tena.

Sabine alikuwa anavaa viatu Zilpah alipomuuliza kutoka juu ya ngazi, "Utawaambia?"

"Mi siwezi kukudanganya nikuambie ulifanya muzuri," alisema Sabine akifunga kamba. "Ile ni ya weye na Mungu, mutaongea. Lakini mi nilikuya kuona mugonjwa. Nimemuona. Anaumwa tumbo." Akanyanyuka. "Ile kitasa mutengeneze."

Jumapili na Jumatatu alikaa nyumbani. Siku ya tatu alirudi kazini, pedi zimejaa kwenye kisanduku cha gari, akamwomba mwenzake amsaidie kunyanyua wale wazito, kwa maana alipojitia nguvu damu ilirudi kumkumbusha. Ilitoka kama hedhi kwa wiki moja na zaidi, ikapungua, ikawa matone, ikapotea, ikarudi siku mbili, ikapotea. Alikuwa ameonywa kwamba mwili hauna kalenda. Aliambiwa pia homa isiyoshuka, au uchafu wenye harufu mbaya, si vya kungojea, ni vya kupiga simu. Havikuja. Wiki ile ile aliwekewa kijiti cha mkononi, maana walimwambia mimba nyingine inaweza kushika hata kabla hedhi haijarudi, na Zilpah hakutaka tena hadithi ya wiki ijayo.

La moyo halikufuata mstari wowote. Usingizi alipata, usingizi mzito kama wa mtu aliyetua mzigo. Halafu asubuhi moja Hodge Hill, akipaka siagi mkate wa bibi mmoja, machozi yakamshuka bila sababu, yakaanguka kwenye sahani. Bibi akasema mkate una chumvi leo. Zilpah akacheka na kulia pamoja, akabanika mwingine. Hakujuta. Alihuzunika tu, na akagundua kwamba hayo mawili hayalali kitanda kimoja, ingawa watu hupenda kuyalaza.

Baada ya wiki tatu alipima kwa kile kipimo maalumu alichopewa kliniki, kwa maana vile vya dukani huweza kusema ndiyo wiki nyingi baada ya mimba kutoka. Kikasema imekwisha. Alimwonyesha Arnold. Arnold akaenda kupika chai, akainywa yeye mwenyewe.

Jumapili hiyo alirudi jikoni kanisani. Jepchirchir alisimama mlangoni kuhakikisha kila mtu ananawa mpaka kwenye viwiko.

"Na ile gastro yako, Zilpah?"

"Ilikwisha, Mama."

"Unaona? Ni maji mengi na kupumzika. Nilijua." Akaenda zake, ameridhika.

Sabine alikuwa kwenye karai la mafuta, anageuza maandazi. Hakuinua kichwa. Tangu siku ile hakuna aliyesikia neno, wala Walsall, wala popote.

"Siku ingine," alisema chini ya mlio wa mafuta, "useme uko shifti."

"Halafu uji ungeniletea nani?"

Sabine akatoa andazi, akalitazama, akaliweka kwenye sahani ya Zilpah.

"Ungekunywa chai ya Arnold."